Majaribio yote kijani, ukurasa umekatika: uchambuzi wa kisa kimoja cha mandhari na programu-jalizi

Ujumbe wa mteja ulikuwa na sentensi mbili tu: "Kitufe cha kujiandikisha hakipo. Jana kilikuwepo." Chini yake kulikuwa na picha ya skrini. Jina la kozi lipo, picha kuu ipo, aya mbili za maelezo zipo, kisha mstari unaoanza na neno "Vipindi:" halafu nyeupe hadi mwisho. Hakuna idadi, hakuna kitufe, hakuna kijachini, ile sehemu ya chini kabisa ya ukurasa.

Tovuti hiyo inatumia WordPress, programu ya kuendesha tovuti. Mandhari yake, yaani msimbo unaopanga sura ya kurasa, tumeitengeneza sisi, na programu-jalizi inayosimamia kozi, yaani kipande kinachoiongezea WordPress kazi mpya, pia ni yetu. Kila tunapobadilisha mstari mmoja wa msimbo, majaribio hujiendesha yenyewe kwenye seva ya majaribio kabla kitu chochote hakijafika kwa mteja. Asubuhi ile nilifungua ukurasa wa matokeo kabla hata ya kumjibu mteja. Kila kitu kilikuwa kijani, maana yake majaribio yote yamefaulu.

Naeleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu hatukuwa watu wasiojaribu kazi yao. Tulijaribu sana. Tatizo ni kwamba jaribio lililopaswa kuikamata hitilafu hii lilikuwepo, lina jina linaloeleweka, na lilikuwa linafaulu kila siku.

Mshukiwa wa kwanza hakuwa na hatia

Siku mbili kabla ya ujumbe ule tulikuwa tumetoa toleo jipya la mandhari, na badiliko kubwa ndani yake lilihusu kijachini. Sasa kijachini kimetoweka. Nani asingeishuku mandhari? Mwenzangu alirudisha toleo la zamani ndani ya dakika kumi, akafuta kache ya tovuti nzima, yaani nakala za kurasa zilizohifadhiwa, ili wageni waone mabadiliko, tukangoja.

Hali ikawa mbaya zaidi. Kabla ya hapo kurasa zilizokatika zilikuwa chache. Baada ya kufuta kache zikaongezeka, zikiwemo kurasa ambazo mteja alikuwa amezifungua nusu saa nyuma zikiwa nzima.

Hapo tulipaswa kushtuka mapema kuliko tulivyoshtuka. Kama kurudisha mandhari ya zamani hakuleti nafuu, na kufuta kache kunaongeza ugonjwa, maana yake kurasa zilizoonekana nzima zilikuwa picha za zamani tu. Zilitengenezwa wakati mambo bado ni sawa, zikahifadhiwa, na zikaendelea kugawiwa kwa wageni huku mtambo wa nyuma umeshaharibika. Kwa hiyo kitu kilichobadilika kilikuwa nje ya mandhari, na kilibadilika kabla ya asubuhi ile. Kache ilikuwa inatufichia.

Tulimwuliza mteja kama kuna lolote limebadilika upande wa seva. Akatutumia barua ya kampuni inayomhifadhia tovuti: usiku uliopita walikuwa wamehamisha tovuti kutoka PHP 7.4 kwenda PHP 8.1, yaani toleo jipya zaidi la lugha ya programu inayoiendesha WordPress. Sikuwalaumu kwa kuhamisha. PHP 7.4 iliacha kupata marekebisho ya usalama tarehe 28 Novemba 2022, na barua ya tahadhari ilikuwa imetumwa wiki kadhaa kabla. Sisi wenyewe tulikuwa tumeiona na kuijibu kwa kujiamini, kwa sababu tulikuwa tumeupitisha msimbo wetu wote kwenye PHP_CodeSniffer, zana inayokagua msimbo, pamoja na kanuni za PHPCompatibility, zinazotafuta yasiyoendana na toleo jipya la PHP, na haikulalamika hata mahali pamoja.

Mistari miwili

Logi ya seva, yaani daftari inamoandika makosa, ilituelekeza kwenye faili moja la programu-jalizi, lile linalochapisha kisanduku cha taarifa za kozi. Nikipunguza mapambo, lilikuwa hivi:

`$vipindi = get_post_meta( $kozi_id, 'vipindi', true );`
`<p>Vipindi: <?php echo count( $vipindi ); ?></p>`

Msomaji anayeijua WordPress ameshaona. Kazi (function) iitwayo get_post_meta, inayosoma taarifa iliyohifadhiwa pamoja na chapisho, ikiombwa thamani moja na thamani hiyo haijawahi kuhifadhiwa, hairudishi orodha tupu. Inarudisha maandishi matupu, yaani alama mbili za nukuu zisizo na kitu katikati. Kozi yenye ratiba ilirudisha orodha ya vipindi na kila kitu kikaenda vizuri. Kozi ambayo mwalimu hajaipangia ratiba ilirudisha maandishi matupu, na count, kazi ya PHP ya kuhesabu, ikatakiwa kuhesabu kisichohesabika.

PHP 7.4 ilikuwa mpole kupita kiasi katika jambo hili. Ilitoa onyo kwenye logi, kisha ikajibu kwamba idadi ni 1. Kuanzia PHP 8.0 upole huo uliisha: count ikipewa kitu kisichohesabika hutupa kosa la aina ya data, na kosa hilo lisipodakwa programu nzima hufa papo hapo. Neno "Vipindi:" lilikuwa limeshachapishwa, ndiyo maana mteja aliliona. Yote yaliyopaswa kuja baada yake, kitufe na kijachini cha mandhari, hayakupata zamu.

Soma tena hiyo idadi ya 1. Ina maana kwamba kwa miaka yote tovuti ilipokuwa "nzima", kila kozi isiyo na ratiba ilikuwa ikiwaambia wageni kwamba ina kipindi kimoja. Hakuna aliyelalamika. Onyo lilikuwa likiandikwa kwenye logi kila ukurasa ulipofunguliwa bila kache, na hakuna aliyeisoma logi hiyo, kwa kuwa tovuti inafanya kazi. Uhamisho wa PHP uliligeuza tu kosa la zamani lililonyamaza kuwa kosa linalopiga kelele.

PHPCompatibility nayo isionewe. Inasoma msimbo bila kuuendesha. Inaweza kukuambia kwamba kazi fulani imeondolewa au maandishi fulani hayakubaliki tena, lakini haiwezi kujua kwamba siku ya siku kigezo kile kitabeba maandishi badala ya orodha. PHPStan, zana nyingine ya kukagua msimbo bila kuuendesha, kwenye ngazi yake ya 9, ingeukemea mstari huo, maana haikubali kitu ambacho aina yake haijulikani kipitishwe tu. Tulikuwa nayo, lakini tuliiweka ngazi ya chini, kwa sababu kule juu ilikemea kila kona ya msimbo wetu wa zamani na tukachoka kuisikiliza.

Kwa nini hakuna aliyetuamsha

Mteja ana huduma inayoigonga tovuti yake kila baada ya dakika tano na kumtumia ujumbe ikianguka. Usiku kucha huduma hiyo iliandika kwamba mambo ni shwari. Sehemu ya sababu ni rahisi: iligonga ukurasa wa mwanzo, ambao hauna kisanduku cha kozi. Ila hata tungeielekeza kwenye ukurasa uliokatika, bado ingeandika shwari.

Seva hutuma namba ya hali, kama 200 ya heri au 500 ya kosa, mwanzoni mwa jibu, kabla ya maudhui yenyewe. Kosa likitokea kabla ya chochote kutumwa, PHP huwahi kutuma 500. Kosa likitokea baada ya kipande cha kwanza cha ukurasa kuondoka, 200 imeshakwenda na hairudi. PHP huweka maandishi kwenye kihifadhi cha muda ambacho kwa mpangilio wa kawaida wa faili lake la usanidi hubeba baiti 4096. Kijajuu cha mandhari yetu peke yake kinazidi kiasi hicho. Kwa hiyo kosa lililotokea katikati ya ukurasa lilikuwa limechelewa mno kujitangaza.

WordPress yenyewe, tangu toleo la 5.2 la mwaka 2019, ina utaratibu wa kudaka makosa ya aina hii na kumwandikia msimamizi barua pepe. Tulijiuliza barua hiyo iko wapi. Utaratibu huo huingia kazini kosa linapoziba kurasa zinazolindwa, kama ukurasa wa kuingilia na eneo la usimamizi, ili msimamizi asifungiwe nje ya nyumba yake. Kosa kwenye ukurasa wa wageni halimo. Na ile sentensi ya kuomba radhi kwamba tovuti imepata hitilafu kubwa haionyeshwi kwa mgeni ikiwa ukurasa umeshaanza kutumwa. Mgeni anabaki na weupe.

Jaribio lililosema uongo

Sasa nifike kwenye lile lililonikera. Katika majaribio ya programu-jalizi kulikuwa na jaribio la kozi isiyo na vipindi. Nililiandika mimi. Linaandaa kozi tupu, linaita kisanduku, linathibitisha kwamba kinasomeka "Vipindi: 0". Lilifaulu kwenye PHP 7.4. Tulipoliendesha asubuhi ile kwenye PHP 8.1, likafaulu pia. Mwenzangu aliniangalia kama vile nimemficha kitu.

Majaribio hayo yaliandikwa kwa PHPUnit, zana ya majaribio ya PHP, pamoja na Brain Monkey, zana inayokuwezesha kujaribu programu-jalizi bila kuiwasha WordPress yenyewe. Badala ya kuita get_post_meta ya kweli, unaweka kaimu wake na kumwambia ajibu nini. Faida yake ni kasi: majaribio mengi huisha kwa sekunde chache, huna hifadhidata ya kuandaa. Na mimi nilimwambia kaimu ajibu nini kwa kozi tupu? Nilimwambia arudishe orodha tupu.

Kwa nini orodha tupu? Kwa sababu nilidhani ndivyo WordPress inavyofanya. Dhana ileile iliyonifanya niandike count bila kukagua ndiyo niliyoipa jaribio. Nilijiuliza swali na nikajijibu mwenyewe, kisha nikaweka alama ya kijani. Jaribio la namna hiyo lisingeweza kushindwa hata ningebadilisha matoleo kumi ya PHP, kwa sababu halikuwahi kukutana na WordPress.

Upande wa mandhari hatukuwa na udhaifu huo, na sababu yake inafundisha. Jamii ya WordPress ina faili la data ya majaribio ya mandhari, ambalo watu huliingiza kwenye tovuti mpya ili waone mandhari yao inavyohimili visa vya ajabu: chapisho lisilo na kichwa, chapisho lisilo na maudhui, kichwa kirefu kupita kiasi, picha pana kuliko safu yake, maoni yaliyojibiana ngazi kwa ngazi. Aliyeliandaa alikuwa anawatakia mabaya watengenezaji wa mandhari, na ndiyo thamani yake. Mandhari yetu imepita kwenye tope hilo mara nyingi. Lakini faili hilo halina kozi. Kozi ni aina ya chapisho inayoletwa na programu-jalizi yetu, na data ya kozi tulijitengenezea wenyewe: kozi tatu safi, kila moja na ratiba kamili, picha nzuri na bei. Mandhari ilijaribiwa kwa uchafu wa watu wengine, programu-jalizi ikajaribiwa kwa usafi wetu, na pale zinapokutana hapakujaribiwa kabisa. Kisanduku cha kozi kinachapishwa na programu-jalizi ndani ya nafasi ambayo mandhari imeiacha wazi. Kila upande ulikuwa na majaribio yake, na kila upande ulidhani nafasi hiyo ni shamba la mwenzake.

Dawa ya haraka ambayo nusura itudanganye tena

Kwa kuwa wageni walikuwa wanaendelea kukuta weupe, mwenzangu alitaka kurekebisha kwanza na kujaribu baadaye. Alilazimisha thamani iwe orodha kwa kuweka neno (array) mbele yake. Kosa likakoma, ukurasa ukarudi mzima, kijachini kikaonekana. Tukaipeleka kwa mteja, na sijutii. Mlango ukivunjika usiku unaweka hata ubao.

Ila ubao ule ulikuwa na siri. Ukilazimisha maandishi matupu yawe orodha, PHP haikupi orodha tupu. Inakupa orodha yenye kitu kimoja, na kitu hicho ni yale maandishi matupu. Hesabu yake ni 1. Tulikuwa tumerudi palepale tulipokuwa kwenye PHP 7.4, na kozi zisizo na ratiba zikaendelea kutangaza kipindi kimoja.

Tuliligundua hilo dakika chache baadaye, pale nilipoandika jaribio jipya bila kaimu. Nilitumia mazingira ya wp-env, ambayo huwasha WordPress kamili ndani ya Docker, zana ya kuendesha programu katika mazingira yaliyotengwa, ikiwa na hifadhidata ya kweli. Jaribio linatengeneza kozi kwa njia ileile anayoitumia mwalimu, linaacha ratiba wazi, linaita kisanduku. Likatarajia 0, likapata 1, likawa jekundu. Ni mara chache nimefurahia rangi nyekundu kiasi kile.

Dawa ya kudumu ilikuwa na sehemu mbili. Kwanza, kabla ya kuhesabu, msimbo unauliza kama thamani ni orodha. Kama si orodha, inachukuliwa kuwa orodha tupu. Pili, tulisajili taarifa ya "vipindi" rasmi kwa register_post_meta na kuipa thamani ya msingi, jambo linalowezekana tangu WordPress 5.5. Sehemu ya pili peke yake haikutosha, kwani kwenye hifadhidata ya mteja kulikuwa na kozi za zamani ambazo maandishi matupu yalikuwa yamehifadhiwa kweli, na thamani ya msingi hutumika tu pale ambapo hakuna kilichohifadhiwa.

Tulichobadilisha kwenye majaribio

Hatukuwafukuza makaimu wote. Kwa hesabu tupu, kama kukokotoa punguzo au kupanga tarehe, bado wanafaa na wana kasi. Tulichokubaliana ni kwamba kaimu haruhusiwi kuisemea WordPress pale ambapo jibu la WordPress ndilo hoja yenyewe. Tulipopitia majaribio yote kwa jicho hilo tulikuta mengine mawili ya ukoo uleule: moja lilidhani get_option hurudisha maandishi matupu pale mpangilio usipokuwepo, kumbe hurudisha false, yaani thamani ya "si kweli", la pili lilidhani get_the_terms hurudisha orodha kila mara, kumbe chapisho lisilo na kategoria hurudishiwa false.

Jaribio lenye faida kubwa kuliko yote liligeuka kuwa lile la kipuuzi kabisa. Linafungua kila aina ya ukurasa kwenye tovuti ya majaribio, mandhari na programu-jalizi zote zikiwa zimewashwa, na linatafuta kitu kimoja: je, lebo ya kufunga html ipo mwishoni? Ukurasa uliokatika hauna mwisho. Halijali namba ya hali na halijali rangi. Msimbo wake hauzidi mistari ishirini, na lingetuokoa usiku ule.

Matoleo ya PHP yalituchukulia muda zaidi. Ukichukua matoleo 4 ya PHP, matoleo 3 ya WordPress na mandhari 2, unapata michanganyiko 24, na kila mmoja unahitaji kuwasha WordPress kamili. Hakuna mtu atakayeingoja yote kila anapobadilisha koma. Kwa hiyo kila badiliko linajaribiwa kwenye michanganyiko miwili ya pembeni, PHP ya zamani kabisa tunayoikubali na mpya kabisa iliyotoka, kisha ile 24 inaendeshwa usiku. Mpya kabisa ndiyo muhimu zaidi. Tangu tulipoiweka, tunajua habari za PHP kabla kampuni ya seva haijatuma barua.

Tulijaribu pia kulinganisha picha za skrini kwa Playwright, ambayo hufungua ukurasa kwenye Chromium, Firefox na WebKit na kupima tofauti ya pikseli. Hapa sikubaliani na wanaosema ndiyo suluhisho la kila kitu kwa mandhari. Wiki ya kwanza ilitupigia kelele kila siku: tarehe imebadilika, picha imechelewa kupakia, herufi zimechorwa tofauti kidogo kwenye kompyuta nyingine. Jaribio linalolia bila sababu huzoewa upesi, na likizoewa hufa. Tukabakiza kurasa nne tu ambazo sura yake ina uzito, tukafunika sehemu zinazobadilika kama tarehe, na picha zote zinapigwa ndani ya Docker ileile.

Data nayo tuliichafua kwa makusudi. Sasa kuna kozi isiyo na kitu chochote isipokuwa jina, nyingine isiyo na jina, nyingine ambayo mwalimu wake amefutwa kwenye mfumo. Kila hitilafu mpya inayoripotiwa na mteja lazima iache kozi yake humo.

Jumatatu iliyofuata mteja aliandika tena. Tulijiandaa kwa mabaya. Alikuwa anauliza kwa nini kozi zake mpya sasa zinasema "Vipindi: 0", wakati zamani zilisema 1 na walimu walishazoea kuichukulia 1 hiyo kama alama ya kozi ambayo ratiba yake bado. Hakutaka 0, inafukuza watu. Tukaandika jaribio linalotarajia maneno "Ratiba itatangazwa", tukaliacha liwe jekundu, kisha tukafungua faili la kisanduku.